Mosi Katika Mibuni

Mkulima wa kahawa, ikiwa shamba lako liko mahali pa ukungu, kama miteremko ya Kilimanjaro au milima ya Usambara, bila shaka umeona vimea vidogo vya kijani vimelifunika shina la mbuni kama blanketi. Vimea hivyo huitwa mosi. (Zile ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini ni kitu kingine, kuvumwani.) Wako wanaodhani mosi ni ugonjwa, nao huikwangua kwa panga mpaka gome linatoka. Hapo ndipo mti unapougua kweli.

Mosi haina mizizi ya kunyonya mti. Hushika gome tu, na maji yake huyapata katika mvua na ukungu. Lakini ikiwa nyingi sana, tambua kwamba shamba lina unyevu na hewa haipiti, na hali hiyo huleta chulebuni na kutu ya majani. Basi anza na hapo. Baada ya mavuno pogoa matawi yaliyozeeka, ondoa maotea, punguza migomba iliyosongamana. Usiifyeke yote, maana mbuni hupenda kivuli chepesi. Kisha sugua shina kwa gunzi la mahindi, hasa karibu na ardhi, kwani bungua mweupe hutaga mayai yake katika nyufa za gome.

Mosi uliyoitoa usiitupe. Itakufaa kwa kuotesha mizizi kwenye tawi la mndimu. Chagua tawi lenye unene wa penseli, utoe gome kulizunguka kwa upana wa sentimita 2 hadi 3. Kwangua utelezi wote, la sivyo gome litaungana tena na mizizi haitatoka. Loweka mosi, ikamue, zungushia kiasi cha ngumi moja juu ya jeraha, funika kwa nailoni na kaza kamba juu na chini. Baada ya miezi 2 au 3 utaiona mizizi. Kata tawi chini yake, ondoa nailoni, panda katika kiriba kivulini. Mosi ya mbuni uliopuliziwa dawa ya shaba haifai kwa kazi hii.

Ukihitaji zaidi, usiichune msituni. Huko hunasa maji ya ukungu na kuyaachia kidogo kidogo, na mifereji yetu hupata maji kwa njia hiyo. Bandika vipande vyake kwenye gogo lililooza, kivulini, ukinyunyizia maji ya mvua. Hukua polepole, kwa hiyo anza mapema.