Uchumi Ukianguka, Serikali Ifanye Nini?

Somo la kujadiliwa katika vikundi

Kuna wakati mashamba yapo, viwanda vipo na mikono ya kufanya kazi ipo, lakini kazi hakuna. Mwenye duka anapiga miayo kwa kukosa wateja, na mwenye njaa anapita nje ya duka hilo hilo bila shilingi. Hali hiyo ikidumu, tunasema nchi imeingia katika mdororo wa uchumi.

Wanasiasa hawakubaliani juu ya dawa yake, na sisi wapiga kura tunatakiwa kuchagua. Basi tuangalie nchi moja iliyobishana sana juu ya jambo hili: Marekani, kuanzia mwaka 1929.

Mambo yalivyokuwa

Oktoba 1929 bei za hisa zilianguka katika soko la New York. Kati ya 1930 na 1933 benki karibu 9,000 zilifungwa, na watu wengi wakapoteza akiba zao. Kufikia 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Mjini watu walipanga foleni kupewa supu na mkate. Kumbe huko mashambani bei ya mahindi ilikuwa chini hivi kwamba wakulima wengine waliyachoma kama kuni!

Shida hiyo ilifika hata Kenya. Bei ya kahawa, mkonge na mahindi ilishuka. Mwaka 1931 serikali ya kikoloni ilianzisha benki ya kuwakopesha walowezi wenye mashamba. Mwafrika naye aliendelea kudaiwa kodi ya kibanda.

Maoni ya kwanza: Serikali ikaze mkanda

Wenye maoni haya husema hivi: nyumba ikipungukiwa, baba na mama hupunguza matumizi. Serikali nayo ifanye vivyo hivyo, kwa sababu haina shamba lake la pesa. Ikitumia, lazima itoze kodi au ikope, na deni litalipwa na watoto wetu. Biashara dhaifu ziachwe zianguke, bei zishuke, halafu watu wataanza tena kununua.

Andrew Mellon, waziri wa fedha wa Marekani wakati huo, alielekea upande huu. Rais Herbert Hoover hakumfuata kwa kila jambo. Aliwasihi wenye viwanda wasipunguze mishahara, na mwaka 1932 serikali yake iliunda shirika la kuzikopesha benki na kampuni za reli. Lakini aliamini kwamba kuwalisha wenye njaa ni kazi ya mashirika ya hisani, miji na majimbo. Mwaka huo huo kodi zilipandishwa ili bajeti isawazishwe.

Maoni ya pili: Serikali itumie pesa

Wengine wanajibu: nchi si nyumba moja. Tuseme mwalimu anaogopa, anaacha kununua mboga. Mama mboga naye anaacha kwenda kwa fundi wa nguo. Fundi anamfukuza kibarua wake. Kila mmoja amefanya jambo la busara, lakini soko zima limekufa. Ikiwa serikali nayo itakaza mkanda siku hiyo, ni nani atabaki kununua? Heri ikope, iwape watu kazi, halafu ilipe deni uchumi ukiamka. Mtaalamu wa Uingereza, John Maynard Keynes, alieleza fikira hizi katika kitabu chake cha 1936.

Franklin Roosevelt aliingia madarakani Machi 1933. Katika kampeni za 1932 yeye ndiye aliyemlaumu Hoover kwa kutumia pesa nyingi, akaahidi kupunguza gharama za serikali kwa robo. Baada ya kuchaguliwa alitumia zaidi. Vijana walipelekwa kupanda miti na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Walilipwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida dola 25 zilitumwa nyumbani kwa wazazi. Kuanzia 1935 hadi 1943, mpango mwingine uliwaajiri watu wapatao milioni 8 na nusu kujenga barabara, shule na madaraja.

Je, dawa ilifanya kazi?

Ukosefu wa kazi ulipungua, lakini haukwisha. Mwaka 1937 serikali ilipunguza matumizi na benki kuu ikabana pesa. Mwaka uliofuata watu wengi walikosa kazi tena. Kazi zilijaa hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Upande wa kwanza husema: mnaona, miaka mingi ya kutumia pesa haikutosha! Wa pili husema: hata vita ni matumizi ya serikali, tena makubwa kuliko yote. Wengine, kama Milton Friedman na Anna Schwartz mwaka 1963, waliilaumu benki kuu kwa kuacha pesa zilizokuwa mikononi mwa watu na katika benki zipungue kwa karibu thuluthi. Wataalamu wanabishana mpaka leo.

Lakini kuna jambo wabishi husahau. Sheria ya 1935 iliyoleta malipo ya uzeeni iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa nyumbani, na wengi wa watu weusi walikuwa katika kazi hizo. Tangu 1933 wenye mashamba walilipwa ili wapunguze pamba. Wengi walichukua malipo na kuwafukuza wapangaji waliokuwa wakilima humo. Kwa hiyo pesa za serikali zinaweza kuwa nyingi na bado zisimfikie mnyonge.

Sisi tupime vipi?

Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ya Kenya ilipunguza kodi ya VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, na kuwapa vijana wa mitaa ya mabanda vibarua vya usafi kupitia Kazi Mtaani. Januari 2021 VAT ilirudi 16. Dawa ya deni ni kulipa, na mara nyingi tunalipa kwa sabuni.

Kwa hiyo, mtu akituambia "tutakaza mkanda", tumuulize: mkanda wa nani? Akisema "tutatumia pesa", tumuulize: zitamfikia nani, zitaacha nini, na nani atalipa?

Maswali ya kujadiliana

1. Mambo yalipokuwa magumu, kikundi chetu kilipunguza nini? Nani aliumia?
2. Kama serikali ingetoa kazi za vibarua hapa kwetu, ni kazi gani ingebaki na faida baada ya miaka kumi?
3. Tungejuaje kwamba majina yameandikwa bila upendeleo?
4. Ni nani kati yetu hana mshahara wala kadi yoyote, na angeachwa nje ya msaada? Andikeni majibu, mumpelekee diwani wenu kabla bajeti ya kaunti haijapitishwa.