SOMO: KIFAFA CHA MIMBA SI SHETANI



Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, niliwaonya wanachuo wangu wasifundishe neno wasilolielewa. Lakini mimi mwenyewe nililitaja neno "kifafa cha mimba" miaka mingi bila kulielewa. Nilikuja kulielewa hapa Likombe, mke wa mpwa wangu alipokuwa na mimba yake ya kwanza, ya miezi minane. Alilalamika kichwa siku mbili. Sisi wazee tukasema ni joto tu, apumzike. Usiku wa tatu alikakamaa, akatupa mikono na miguu, povu likamtoka. Nusu ya nyumba ilitaka ubani, nusu ilitaka gari. Gari likashinda. Mama alipona, mtoto hakupona. Kwa sababu hiyo naandika somo hili.

1. Ni ugonjwa gani?

Nguvu ya damu ndani ya mishipa husomwa kwa namba mbili, kama 120 kwa 80. Mjamzito akipimwa na kurudiwa, na namba zikawa 140 kwa 90 au zaidi, ana shinikizo la juu la damu, yaani presha. Wengine walikuwa nayo kabla ya mimba. Wengine huipata baada ya wiki 20. Ikiwa pamoja nayo mkojo unaonyesha protini, au figo na ini vimeanza kudhurika, hali hiyo ndiyo hutangulia kifafa cha mimba. Mama akifikia kukakamaa na kuzimia, basi kifafa chenyewe kimekuja. Hakiambukizi, wala si pepo. Mizizi yake imo katika kondo la nyuma, ambalo mishipa yake haikupanuka inavyopasa tangu mimba ilipokuwa changa.

2. Madhara yake

Kwa mama: kuvuja damu katika ubongo, kuharibika figo na ini, kondo kubanduka kabla ya wakati, na kifo. Kwa mtoto: kondo lisilopata damu ya kutosha halimlishi vizuri. Hivyo huzaliwa mdogo, au kabla ya miezi kutimia, au hufia tumboni. Mtoto njiti hupata shida ya kupumua, kunyonya na kutunza joto. Hufaa abebwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi.

3. Dalili za hatari

(a) Kichwa kuuma sana bila kutulia.
(b) Macho kuona ukungu au vimulimuli.
(c) Maumivu chini ya kifua, hasa upande wa kulia.
(d) Uso na mikono kuvimba ghafla.
(e) Kupumua kwa shida.

Lakini angalieni: presha inaweza kupanda bila dalili yoyote. Ndiyo maana mama anayejisikia mzima naye apimwe.

4. Nani awe mwangalifu zaidi?

Mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, aliyepata shida hii zamani, mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au presha ya siku nyingi, na aliyepita miaka 35. Hao waende kliniki mapema, kabla ya wiki 12. Mganga anaweza kuwaandikia aspirini kidogo ya kila siku ili kupunguza hatari. Mtu asijinunulie mwenyewe dukani. Chakula chenye chokaa, kama dagaa wanaoliwa na mifupa yao, kinafaa pia.

5. Tiba ipo

Hospitali hutoa dawa za kushusha presha, na sindano ya magneziamu salfeti ya kuzuia kifafa. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33: sindano hiyo ilipunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo ugonjwa huanza kuondoka mtoto na kondo vikishatoka, kwa hiyo mara nyingine waganga huharakisha uzazi. Wala hatari haiishi siku hiyo. Kifafa kinaweza kuja hata baada ya kujifungua. Mzazi aliye ndani ya arobaini akiumwa kichwa sana, arudishwe hospitali.

Nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Lakini kwa mtoto aliyebaki yatima, hesabu ni moja tu.

6. Wajibu wetu

Akina baba, wekeni akiba ya nauli mapema. Ligula si mbali na sisi, lakini usiku si kila mtu ana gari, na ndugu zetu wa Msangamkuu huvuka maji kwanza. Mama akishikwa, mlazeni ubavu wa kushoto, ondoeni vitu vigumu karibu naye, msimtie kitu chochote mdomoni, mkimbilieni hospitali. Sala tuombe, lakini tuiombe tukiwa njiani.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mjamzito asiye na dalili apimwe presha?
2. Nyumbani kwako, nani huamua mgonjwa apelekwe hospitali? Naye akiwa safarini, inakuwaje?
3. Taja dalili tatu za hatari, kisha mfundishe jirani yako.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Likombe