SOMO: Kuchora Maua kwa Rangi za Maji kwa Mkono Mwepesi



Katika somo hili tunajifunza kuchora ua kwa rangi za maji bila kulifunga kwa mistari ya penseli. Uchoraji wa namna hii tumezoea kuuita wa mkono mwepesi. Mchoraji hahesabu kila mshipa wa petali. Anaweka rangi na maji kwa miguso michache, kisha anayaacha maji yamalize kazi. Somo linavifaa vikundi vinavyotengeneza kadi za salamu, na yeyote anayependa kujifunza akiwa nyumbani.

Kosa letu sisi wenyewe

Tulipoanza mafunzo ya kadi na kikundi cha akina mama na vijana, tulifundisha kama tulivyofundishwa shuleni: chora kwa penseli, jaza rangi, usitoke nje ya mstari. Karatasi nzuri ilikuwa ghali, na kila asubuhi tuliwakumbusha washiriki wasiipoteze. Baada ya siku tatu, pakiti tuliyokusudia itumike mwezi mzima ilikuwa imekwisha. Kadi za kufaa kuuzwa hazikufika kumi.

Tulitandaza mezani kazi zote zilizotupwa, tukaziangalia pamoja. Karibu zote zilikuwa na ugonjwa mmoja. Ua lilianza vizuri, kisha mchoraji akaona doa. Akalipitia kwa brashi, doa likakua. Akalipitia tena, mpaka karatasi ikachubuka na rangi ikawa kama matope. Mama mmoja akasema, "Mwalimu, mimi nikikumbuka bei ya karatasi, mkono unaganda."

Hapo tukaelewa. Hofu ya kuharibu karatasi ndiyo iliyokuwa ikiiharibu karatasi, na hofu hiyo tuliipanda sisi. Somo hili limetokana na yale tuliyolazimika kujifunza upya.

Njia mbili za kuchora maua

Ziko njia mbili, na zote ni za heshima. Ya kwanza ni ya kitaalamu wa mimea. Joy Adamson, anayejulikana zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu simba Elsa, alichora mamia ya mimea ya Kenya kwa rangi za maji. Katika kazi kama hiyo kila jani na kila petali lazima iwe sahihi, maana picha inatumika kuutambua mmea.

Njia ya pili inatafuta uhai wa ua kuliko vipimo vyake. Wachina wana jina lake la zamani, xieyi, maana yake kuandika wazo. Xu Wei, aliyeishi kati ya mwaka 1521 na 1593, alichora maua na majani kwa wino na maji, kwa miguso ya haraka isiyorudiwa. Kwa hiyo mkono mwepesi si uvivu wala uchoraji wa kubahatisha. Ni kazi inayodai uamuzi kabla ya brashi kugusa karatasi.

Mahitaji

1. Karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Karatasi ya kurudufia ya gramu 80 hujikunja na kunywa rangi kabla hujaigeuza brashi. Kama fedha ni kidogo, punguza idadi ya rangi na usishushe ubora wa karatasi.
2. Brashi moja ya mviringo, namba 8 au 10, yenye ncha inayorudi ikilowa. Tumbo lake hutoa petali, ncha yake hutoa kikonyo.
3. Rangi tatu: manjano ya limau, waridi na buluu. Kutokana na hizo utapata kijani, chungwa, zambarau na kahawia.
4. Makopo mawili ya maji, moja la kuoshea brashi na moja la maji safi.
5. Sahani nyeupe ya kuchanganyia rangi, na kitambaa kikuukuu cha pamba.

Angalizo kwa wanaouza: rangi nyekundu hazilingani kwa kudumu. Soma alama ndogo kwenye mrija. Nyekundu yenye alama PR83 hupauka ikikaa kwenye mwanga, lakini waridi yenye alama PV19 hudumu sana. Kama mrija hauna alama, paka rangi kwenye kipande cha karatasi, funika nusu yake kwa kadibodi, kisha kiache dirishani penye jua kwa miezi michache. Mteja aliyenunua kadi nyekundu asije akabaki na kadi ya kijivu.

Maji yanavyofanya kazi

Rangi ya maji ni unga wa rangi ulioshikwa kwa gundi ya mti jamii ya mgunga, ambayo nyingi hutoka Sudani. Rangi hii hupitisha mwanga. Mwanga hupenya rangi, hugonga karatasi nyeupe na kurudi machoni. Kwa sababu hiyo weupe wa picha hautoki kwenye mrija. Ni karatasi uliyoiacha bila kuigusa. Mahali ulipokwisha kupafunika, ni vigumu kupata tena weupe ule wa mwanzo.

Jambo la pili ni kwamba maji hutoka penye maji mengi kwenda penye machache. Ukigusa rangi inayoanza kukauka kwa brashi yenye maji mengi, maji yatasukuma rangi pembeni na kuacha alama yenye kingo zilizokunjamana kama koliflawa. Washiriki wetu walidhani karatasi ni mbovu. Kumbe waligusa mapema mno au wakiwa wamechelewa.

Kanuni ni hii: karatasi ikiwa inang'aa kwa maji, unaweza kuongeza rangi. Mng'ao ukififia, ondoa mkono. Ikikauka kabisa na isiwe ya baridi ukiigusa kwa mgongo wa kidole, unaweza kuendelea. Kumbuka pia kwamba rangi ikikauka hupungua nguvu, hivyo anza kwa rangi iliyokolea kidogo kuliko unayoitaka.

Hatua kwa hatua: ua la haibiskasi

Tumechagua haibiskasi nyekundu kwa kuwa inapatikana kwenye uzio wa nyumba nyingi, na umbo lake ni wazi: petali tano, koo lililokolea, na mhimili mrefu unaotoka katikati ukiwa na chavua ya manjano. Ua moja kwa kawaida hudumu siku moja tu. Ukilichuma asubuhi, lichore asubuhi hiyo hiyo.

Kwanza, weka brashi chini na ulitazame ua kwa dakika tano. Mwanga unatoka upande gani? Petali ipi iko mbele? Ukingo upi hauonekani vizuri?

Pili, changanya rangi kabla ya kuanza. Andaa waridi ya aina tatu: nyepesi kama chai ya rangi, ya kati kama maziwa, na nzito kama mtindi. Ongeza manjano kidogo ili iwe nyekundu ya joto. Andaa pia kijani cha buluu na manjano, ukikipunguza ukali kwa tone la waridi.

Tatu, weka petali. Gusa karatasi kwa ncha, kandamiza tumbo la brashi, kisha inua. Petali moja isizidi miguso mitatu. Kati ya petali na petali acha uzi mwembamba wa karatasi nyeupe hapa na pale. Acha pia ukanda mweupe wa mhimili, kwa maana manjano ya limau haitaonekana juu ya nyekundu.

Nne, karatasi ikiwa bado inang'aa, dondoshea rangi nzito kwenye koo la ua na uiache itambae. Usiifuate kwa brashi.

Tano, osha brashi, ikamue kwa kitambaa, kisha pitisha ncha yenye unyevu kwenye kingo mbili tu ili zififie. Kingo zote zikiwa kali, ua litaonekana limekatwa kwa mkasi. Zote zikifa, litakuwa wingu.

Sita, weka majani mawili au matatu. Ruhusu jani liguse petali yenye unyevu mahali pamoja tu. Nyekundu na kijani zikikutana huzaa kahawia: mahali pamoja ni kivuli kizuri, kila mahali ni matope.

Saba, picha ikikauka kabisa, paka mhimili waridi nyepesi, weka nukta chache za manjano kwenye weupe uliouacha, na nukta tano nyekundu kwenye ncha yake. Weka brashi chini.

Swali lililotusaidia

Mshiriki yule yule alituuliza, "Kama hatuchori kila kitu, mnunuzi atajuaje kwamba hii ni haibiskasi?" Ni swali la haki. Jibu tulilolipata pamoja ni kwamba kila ua lina alama mbili au tatu zinazolitambulisha. Kwa haibiskasi ni mhimili wake na koo lililokolea. Hizo zikiwa sahihi, jicho la mtazamaji hukamilisha mengine. Zikikosewa, petali nzuri hazitaliokoa ua.

Tulivyobadilisha utaratibu

Karatasi kubwa ya sentimita 56 kwa 76 tunaikata vipande 16, kila kimoja sentimita 14 kwa 19. Kila mshiriki hupewa vipande sita vya kuharibu kwa ruhusa. Hakuna anayeulizwa habari zake. Juu ya hivyo hujifunza mguso mmoja tu, petali moja baada ya nyingine, pande zote mbili za karatasi. Vipande kumi vilivyobaki ndivyo vya kadi. Kazi yenye doa hairekebishwi ikiwa mbichi. Huwekwa kando ikauke, na mara nyingi doa lililotutisha likiwa bichi huonekana kuwa sehemu ya petali likikauka.

Hatusemi kwamba kila kadi sasa inauzwa. Wengine bado mikono yao ni mizito, na wawili walituambia wanapenda zaidi kushona. Lakini karatasi inafika mwisho wa mwezi, na mama yule aliyesema mkono wake unaganda ndiye anayewaonyesha wageni wa kikundi jinsi ya kuinua brashi. Huwaambia, "Ukiona hamu ya kurekebisha, nenda kanywe maji kwanza."

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Tandazeni kazi zenu zilizotupwa. Ziliharibikia kwenye hatua ipi?
2. Taja maua matatu ya eneo lenu. Ni alama zipi mbili zinazotambulisha kila moja?
3. Je, katika kikundi chenu wanaoanza wana nafasi ya kukosea? Nani analipa gharama yake, na imepangwa tangu mwanzo?

Zoezi: chora haibiskasi ile ile mara nne kwa miguso 30, 20, 15 na 10. Zibandike ukutani kwa siku mbili, kisha chagueni pamoja iliyo hai zaidi.