Pumu: Tumtunze Mgonjwa, Naye Ajitunze

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Leo ningependa tuitumie methali hiyo kuuelewa ugonjwa wa pumu, ambao wengi wetu tunauita tu "shida ya kifua".

Pumu ni nini?

Neno pumu linakaribiana na kitenzi "pumua", na kweli ni kupumua kwenyewe kunakotatizwa. Njia za hewa mapafuni huvimba, misuli inayozizunguka hukaza, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Ndipo mgonjwa hukohoa usiku, hubanwa kifua, na pumzi zake hulia kama filimbi. Si uchawi, na hauambukizi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walifariki kwa sababu yake.

Huchokozwa na nini?

Hapa kwetu Mayoni vichokozi ni tele: moshi wa kuni jikoni, moshi wa majani ya miwa yanayochomwa shambani, vumbi la barabara, sigara, baridi ya alfajiri na mafua. Kila mgonjwa ana vyake. Ni lazima ajichunguze avijue.

Dawa mbili, kazi mbili

Senje wangu ana pumu tangu ujana wake. Alikuwa na inhela mbili. Ya samawati humfungua kifua kwa dakika chache tu. Ya kahawia hupunguza uvimbe polepole, nayo hutumiwa kila siku hata kama mtu ni mzima. Senje aliiweka kando hii ya pili. Kwani nani humeza dawa na haumwi? Akabaki kuvuta ile ya samawati kutwa kucha. Usiku mmoja majirani walikuwa wamechoma majani ya miwa, naye akashindwa kumaliza hata sentensi moja. Tulimkimbiza hospitalini kwa bodaboda, akawekewa oksijeni.

Alipopata nafuu, alimwambia muuguzi, "Sista, hii ya kahawia hainisaidii kitu."

"Mama, hiyo ni ya kuzuia moto. Ile nyingine ni ya kuuzima. Hebu nionyeshe vile unavuta."

Senje akabonyeza kwanza, akavuta baadaye. Dawa yote ikaishia ulimini! Sista hakumgombeza. Alimwelekeza, kisha akamfanyisha tena na tena: tikisa inhela, toa pumzi zote, ibane kwa midomo, bonyeza huku ukianza kuvuta polepole, zuia pumzi ukihesabu hadi kumi. Baada ya dawa ya kahawia, sukutua mdomo na uteme maji.

Akishindwa kulinganisha kubonyeza na kuvuta, chupa ya plastiki ya nusu lita inaweza kumsaidia. Hutobolewa kitakoni, inhela ikaingizwa hapo ikibana, naye akavuta kupitia mdomo wa chupa. Mwaka wa 1999 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kuwa chupa kama hiyo iliwafaa watoto wenye pumu.

Maswali manne ya kujipima

Katika wiki nne zilizopita:
1. Je, dalili zilikujia mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki?
2. Je, pumu ilikuamsha usiku?
3. Je, ulihitaji dawa ya kufungua kifua zaidi ya mara mbili kwa wiki?
4. Je, ulishindwa na kazi zako kwa sababu ya pumu?

Jibu la "ndiyo" hata moja ni ishara ya kurudi kliniki. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unashauri kwamba mtu mzima asitegemee dawa ya kufungua kifua peke yake.

Hatari ikibisha hodi

Mgonjwa akishindwa kuongea, midomo ikigeuka rangi, au dawa isipomsaidia, msingoje kupambazuke. Mketisheni wima, msimlaze. Aendelee kuvuta dawa ya kufungua kifua huku mkimpeleka hospitalini. Mwombeni muuguzi awaandikie hatua hizi kwenye karatasi, nanyi mziweke pale ambapo kila mtu nyumbani ataziona. Ya Senje imebandikwa mlangoni, na hata mdogo wangu wa darasa la tatu anaijua.

Zoezi

(a) Eleza tofauti ya inhela mbili za Senje.
(b) Taja vichokozi vitatu vilivyo kwenu.
(c) Mwulize mwenye pumu nyumbani akuonyeshe anavyovuta dawa yake. Je, anapatia?