Makumbusho Yasiyo na Nyumba

Mtu akitoka Mbulu, akapita Babati, kisha akashika barabara kuu iendayo Kondoa, hufika Kolo. Hapo hupanda kilima mpaka penye mawe makubwa yaliyoinama kama paa. Chini ya mawe hayo watu wa kale walichora twiga, tembo, pofu, na watu wembamba sana wenye vichwa vya duara. Rangi yao ni nyekundu. Michoro myeupe ni ya watu wa baadaye. Mwaka 2006 UNESCO iliitia michoro ya Kondoa katika Urithi wa Dunia.

Lakini rangi hizo zinafifia. Jua huzichoma, maji ya mvua huzipitia, na wageni huzigusa kwa mikono. Tena wako waliochimba chini ya mawe wakitafuta mali iliyosemekana kufichwa na Wajerumani; walichokiacha ni mashimo tu. Na mwamba haubebeki, hata uwekwe katika nyumba ya makumbusho ukalindwa kwa kioo. Basi ifanyweje?

Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa Kondoa akinakili michoro kwa mkono, kazi ya subira kubwa. Baadaye David Coulson, aliyeanzisha huko Nairobi mwaka 1996 chama cha kuhifadhi michoro ya miambani, alizunguka nchi nyingi za Afrika akipiga picha. Tangu mwaka 2013 picha zake na za wenzake, zipatazo 25,000, zilitiwa katika orodha ya British Museum, London, zikawekwa katika intaneti. Hivyo mwanafunzi wa Dongobesh au Katesh akipata kompyuta, au simu tu, aweza kuutazama mwamba wa jirani zake kwa kupitia London! Aweza kuikuza picha mpaka aone mahali kidole cha mchoraji kilipopita.

Nyayo za Laetoli nazo, zilizogunduliwa mwaka 1978, zilifunikwa tena kwa mchanga na mawe zisiharibike; aendaye huko hazioni, ila sura zake zilizopimwa huonekana katika kompyuta.

Hata hivyo makumbusho ya namna hii yana upungufu wake. Pasipo umeme wala mtandao, mlango wake umefungwa. Na huko Kolo wenyeji wangali wakipanda kwenye pango la Mungumi kutambika na kuomba mvua. Jambo hilo haliingii katika picha.