Taswira ya Mtu Katika Sanaa: Kigango cha Wagiriama na Picha ya Meryon

Makala haya mafupi yanakusudia kufafanua dhana ya taswira ya mtu kwa kulinganisha kazi mbili. Ya kwanza ni picha ya Mfaransa Charles Meryon, iliyochorwa na msanii mwenzake, Félix Bracquemond, mnamo 1853. Ya pili ni kigango, nguzo ya ukumbusho ya Wagiriama wa Malindi na Kilifi. Hoja yetu ni kwamba taswira ya mtu haijengwi na sura pekee. Hujengwa pia na mahali inapostahili kukaa.

Bracquemond alichora kwa mbinu ya asidi. Bamba la shaba hupakwa nta, kisha msanii hukwaruza picha juu yake kwa sindano. Bamba likitiwa katika asidi, mistari iliyokwaruzwa huliwa na kuwa mifereji midogo. Mifereji hiyo hujazwa wino, karatasi hugandamizwa juu yake, na picha hutokea. Bamba moja hutoa nakala nyingi, na kila moja ni kazi halali ya msanii. Hivyo basi, picha ya Meryon iliumbwa isafiri.

Kigango ni kinyume cha hayo. Huchongwa kwa mti mgumu kwa heshima ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Kina kichwa cha mviringo na kiwiliwili bapa kilichojaa nakshi za pembetatu. Mchongaji hakusudii kuiga pua wala macho ya marehemu, bali kutambulisha hadhi yake. Aghalabu husimamishwa baada ya marehemu kuwatokea jamaa zake ndotoni, au mji unapoandamwa na maradhi. Tangu hapo koma, yaani roho za wahenga, hukumbukwa na kupewa sadaka mahali pale. Hata wenyeji wakihama, kigango hakistahili kung'olewa.

Huenda msomaji akauliza: je, taswira isiyo na sura ya mtu ni taswira kweli? Sisi wanafunzi wa fasihi tusistaajabu. Tungo nyingi za maombolezo humsawiri marehemu kwa ukarimu na busara yake, si kwa umbo la uso wake.

Kutoelewa tofauti hii kumeleta madhara. Vigango vingi viliibwa, vikauzwa kama vinyago vya kawaida, na vingine vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mnamo 1985, vigango viwili viliibwa katika mji wa mzee mmoja huko Kilifi. Kwa bahati, mtafiti Monica Udvardy alikuwa amempiga picha mzee huyo akiwa kando ya vigango hivyo. Picha hiyo ilikuja kuwa ushahidi, na mwaka 2007 familia ikarejeshewa vigango vyake. Kumbe nakala, ambayo kazi yake ni kusafiri, ndiyo iliyokirudisha kwao kile kisichopaswa kusafiri.

Tunahitimisha kwa kusema kwamba picha ya Meryon hubaki kuwa yeye popote inapotundikwa, ilhali kigango kilichong'olewa hubaki mti ulionakshiwa. Ni wajibu wetu, wanachama wenzangu, kuyakusanya masimulizi ya wazee wa Gohu wangali hai, kabla mahali pa vigango hivyo hapajasahaulika.