Guangzhou na Kitunguu cha Nyongeza

Wiki yangu ya kwanza Guangzhou niligombana na mama muuza nyanya. Kibao chake kiliandikwa 5. Nikamwonyesha vidole viwili, nikalipa yuani 10, naye akanipa mfuko ambao hata mkono ulijua haufiki kilo mbili. Nikapaza sauti kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kikantoni, waliokuwa nyuma yetu wakapata burudani ya bure. Jioni nilimsimulia jirani yangu, kijana aliyetokea Kariakoo na kuishi hapa miaka kadhaa. Alicheka mpaka akakaa chini. Sokoni huku hawapimi kwa kilo, wanapima kwa jin (斤), na jin moja ni gramu 500. Yule mama alikuwa amenipa haki yangu yote.

Kesho yake nilirudi, nikanunua tena, nikainamisha kichwa. Akanitazama, akachukua kitunguu cha majani, akakitupia mfukoni mwangu bila kukipima. Nyongeza. Nilijua pale pale kwamba mji huu nitauweza.

Mwongozo huu ni kwa anayekuja kukaa: mwanafunzi, mfanyabiashara, au mwenza wa mmoja wao. Habari zake ni za kununua na kula, maana ndipo mgeni anapotaabika kila siku.

Siku ya kwanza: polisi na simu

Ukifikia hotelini, watu wa mapokezi watakuandikisha. Ukifikia kwa ndugu au kwenye nyumba ya kupanga, sheria inakutaka ujiandikishe kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24. Nenda na pasi, mkataba wa nyumba na mwenyeji wako. Usiseme utakwenda wiki ijayo.

Kinachofuata ni simu. WhatsApp, Google na Facebook zimezuiwa, kwa hiyo waambie watu wa nyumbani mapema waweke WeChat. Laini yako ya nyumbani iliyofunguliwa kutumika nje mara nyingi huzifungua programu hizo, nayo itakuokoa siku za mwanzo. Malipo nayo yako ndani ya simu, kwa Alipay au WeChat. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard. Aliyezoea M-Pesa hatashangaa sana, ila hapa huandiki namba ya mtu: unaskani msimbo uliobandikwa ukutani, au muuzaji anaskani wa kwako. Kumbuka tu kwamba kadi ya kigeni hulipa maduka, haitumi pesa kwa mtu binafsi, na wauzaji wengine wadogo hutumia msimbo wao binafsi. Tembea na noti chache za yuani 10 na 20.

Namba kwanza, salamu baadaye

Wengi hufika wamekariri salamu tu, wakakwama bei inapotajwa. Anza na namba. Jifunze kuhesabu mpaka kumi kwa mdomo na kwa mkono mmoja, maana Wachina huonyesha hata namba zinazozidi tano kwa mkono mmoja. Kidole gumba na cha mwisho vikinyooshwa, hiyo ni sita. Gumba na cha shahada, kama mtoto anayeigiza bastola, ni nane, wala si mbili. Kosa hilo likitokea kwenye bei ya jumla, utalia.

Kisha beba maneno mawili: *duoshao qian*, yaani bei gani, na *pianyi yidian*, yaani punguza kidogo. Lafudhi ni kitu kigumu, kwa sababu maana ya neno *mai* hutofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu: sauti ikishuka na kupanda ni kununua, ikishuka moja kwa moja ni kuuza. Ndiyo maana kikokotoo hakikosi kwenye meza ya muuzaji. Yeye anaandika bei, wewe unaifuta na kuandika yako, mnacheka, mnaendelea.

Mboga za nyumbani zipo, zina majina mengine

Usibebe sanduku zima la vyakula. Majani ya viazi vitamu, yaani matembele, huliwa sana Guangdong; hapa huitwa *fanshu ye*. Mchicha upo, ni *xiancai*, nao mwekundu hupaka wali rangi. Bamia ni *qiukui*. Anayelilia sukuma wiki ajaribu *jielan*, jani nene la jamaa ileile, linalovumilia kukaangwa na kitunguu. Angalia tui la nazi: vinywaji vingi vya nazi vya madukani vimetiwa sukari, na wali wangu wa kwanza wa nazi ulikuwa peremende.

Unga wa ugali utaupata Xiaobei, mtaa wa wilaya ya Yuexiu wenye kituo chake kwenye njia ya 5 ya metro. Hapo na Sanyuanli ndipo Waafrika walipozoea kukutana: kuna vinyozi, wasusi, wasafirishaji wa mizigo na migahawa ya kwetu. Nenda ukanunue unga, upate habari za mjini na uulize bei ya vitu kabla hujaingia sokoni. Ila usijifungie humo, maana kila kinachopita mikono miwili kabla ya kukufikia kinaongezeka bei.

Kula bila mashaka

Kwa Mwislamu, herufi mbili za kukariri ni 清真, *qingzhen*, yaani halali. Zinaonekana juu ya maduka ya tambi za Lanzhou, ambayo mara nyingi ni ya Waislamu wa kabila la Hui kutoka Qinghai. Utamwona kijana akivuta donge la unga mpaka ligeuke nyuzi, na bakuli la mchuzi wa ng'ombe ni chakula cha bei nafuu. Kwenye migahawa ya Xinjiang kuna mishikaki ya kondoo, mkate unaofanana na naani, na wali wa kondoo na karoti ambao Wauyghur, wenyeji wa huko, wanauita *polo*. Uonje: ni ndugu wa pilau yetu, kwa chungu na kwa jina. Wachina wengine huuita *zhuafan*, wali wa kuchota kwa mkono, jina ambalo Mswahili hahitaji kufafanuliwa.

Kwingineko, jua kwamba menyu ikisema *rou*, nyama, bila kutaja mnyama, kwa kawaida ni nguruwe. Mboga nazo huweza kukaangwa kwa mafuta yake. Sentensi ya kujilinda ni *wo bu chi zhurou*, sili nguruwe. Iandike kwa herufi za Kichina kwenye simu uionyeshe. Kwa swala ya Ijumaa, jumuiya hukusanyika msikiti wa Xianxian, kwenye kaburi linalonasibishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Siku hiyo wachuuzi wa mishikaki na mikate hujipanga nje.

Chai ya asubuhi

Ukialikwa *yum cha*, yaani kunywa chai, usinywe chai nyumbani kwanza. Ni mlo mzima wa vikapu vidogo vya mvuke: kamba ndani ya unga mwororo, miguu ya kuku, maandazi ya mvuke yenye nyama ambayo kwa kawaida ni nguruwe. Kwanza wenyeji huosha vikombe na vijiti kwa chai ya moto. Fanya hivyo, usiinywe. Mtu akikumiminia, gonga meza taratibu kwa vidole viwili, ndiyo asante. Birika likiisha, acha mfuniko wake wazi nusu, mhudumu atalijaza. Usisimamishe vijiti kwenye bakuli la wali, hufanana na ubani wa mazishi. Bakshishi haipo. Ila kwenye bili utakuta ada ya chai kwa kila kichwa, hujaibiwa. Aliyealika hulipa, na wewe umwalike siku nyingine. Biashara nyingi za mji huu huanzia kwenye mwaliko wa pili.

Kwenye masoko ya jumla

Guangzhou imewauzia wageni tangu zamani. Kuanzia 1757 mpaka 1842 wafanyabiashara wa Ulaya waliruhusiwa bandari hii peke yake. Jina la soko la nguo la Shisanhang linatokana na nyumba za biashara za enzi hizo. Soko hilo huamka alfajiri, na saa saba mchana wengi wanafunga. Nguo nyingine ziko Baima, mkabala na stesheni kuu ya treni. Vitambaa viko Zhongda. Vitu vya kuchezea watoto na mapambo viko barabara ya Yide. Maonyesho ya Canton, yaliyoanza 1957, hufanyika Pazhou kila majira ya kuchipua na ya vuli. Wiki hizo vyumba vya hoteli hupanda bei, basi usifike bila kuweka nafasi.

Muuzaji wa jumla atakuuliza unachukua vipande vingapi kabla ya kukutajia bei. Ukisema kimoja, huenda akakugeuzia mgongo. Oda za kiwandani huanza kwa malipo ya awali, mara nyingi asilimia 30, na salio hulipwa mzigo ukiwa tayari. Usilipe salio kabla ya kufungua katoni kwa mikono yako. Kiwanda kimoja kiliwahi kunitengenezea mikoba ya rangi niliyochagua, na zipu nisizochagua kamwe. Tangu hapo nakata sampuli, naitia sahihi, nabaki na nusu. Kipindi cha mwaka mpya wa Kichina viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo oda unayoitaka Machi ilipwe mapema.

Rudi palepale

Wengi wetu huzunguka maduka 40 kutafuta anayepunguza yuani moja, na kila duka tunaingia tukiwa wageni. Ushauri wangu ni kuchagua wachache: duka moja la tambi, muuza mboga mmoja, wauzaji wawili wa mzigo wako. Rudi kwao hata siku ambayo bei ya jirani iko chini kidogo. Mteja wa kurudi huambiwa bidhaa gani haifai, na kiwandani zipu ya kweli huwekwa kwenye oda yake ya tatu.

Yule mama wa nyanya bado ameandika 5. Siku hizi nikitokeza tu kwenye kona, yeye ndiye anayeninyooshea vidole viwili, na mkono wake wa pili tayari uko kwenye vitunguu.